Lambabati na Wenzake: Namna ya Kuwapa Majina Farasi Wenye Mabawa

Anayetaka kubuni aina za farasi wenye mabawa aanze kwa kuamua wanalala wapi. Jina linakuja baadaye, baada ya malalo, malisho na maji ya kunywa. Mwandishi wa Mwembesongo ana bahati katika hili, kwa sababu milima ya Uluguru imesimama juu ya mji wake wa Morogoro mchana kutwa na ina nafasi ya kila mnyama atakayemtaka. Kule kusini, juu kabisa, kuna uwanda wa Lukwangule, nyasi tupu zilizopita mita 2,400, misitu imezikumbatia. Farasi mkubwa mwenye manyoya mazito anaweza kulisha pale mwaka mzima bila kuonwa na mtu. Kilele cha Bondwa kina ukungu na minara ya mawasiliano, kwa hiyo anayekaa huko lazima awe na macho makali na mabawa mafupi ya kukatia kona. Kinole na Matombo ni nchi ya migomba, basi wa huko ni mwizi wa ndizi na hana namna ya kuepa sifa hiyo. Halafu wapo wa mjini, waliokwisha kuzoea watu, wanaoshuka alfajiri juu ya mapaa ya nyumba. Hao ni aina nne tayari, na hujatunga jina hata moja. Uko pazuri.

Wengi hufanya kinyume. Wanaanza na jina, tena jina la kutisha. Wanaokota x na q, herufi ambazo maandishi yetu hayana kazi nazo, wanachomeka ritifaa katikati, wanapata Zha'quorix, wanaridhika. Ritifaa kwetu ina ajira moja inayoheshimika: inamtenga mbung'o anayeuma na mbungo unaozaa matunda. Ukiibandika mahali pengine popote msomaji hajui aimeze au aiteme. Wala si suala la urembo. Jina la aina ya mnyama ni chombo cha kazi, watu wanaliita, wanaonya nalo, wanatukana nalo, na chombo kisichoshikika hakifanyi kazi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Mama yuko uani anafua. Farasi mwenye mabawa ametua kwenye mahindi ya jirani. Mtoto wa miaka sita amemwona, na inampasa apige ukelele usikike hadi uani kabla mahindi hayajaisha. Atasema nini? Hilo atakalolisema ndilo jina. Kama ulimi wake unakwama, rudi mezani.

Mmoja si kabila zima

Kosa linalofuata ni kumpa kabila zima jina la mtu mmoja. Wagiriki wa kale walimjua Pegasus mmoja tu, aliyetoka katika damu ya Medusa, na hilo lilikuwa jina lake mwenyewe kama Juma alivyo Juma. Leo utasikia farasi yeyote mwenye mabawa anaitwa hivyo, na kundi zima limepoteza uso. J. K. Rowling alilikwepa shimo hilo mwaka 2001 alipochapisha kitabu chake kidogo cha wanyama wa ajabu: akawagawa farasi wenye mabawa katika Abraxan, Aethonan, Granian na thestral, kila aina na rangi yake na umbo lake. Granian anamkumbusha msomaji Grani, farasi wa shujaa Sigurd katika hadithi za watu wa kaskazini ya Ulaya. Aethonan anatoka kwa Aethon, mmoja wa farasi wanaovuta gari la jua. Majina yale yana kwao. Wakazaki nao wana tulpar, jina la aina, na wawili kati yao wamekaa kwenye nembo ya taifa lao tangu 1992.

Morogoro ina mfano mzuri kuliko huo, na uko hai. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Aina yao inaitwa panya buku, jina ambalo watu walikuwa nalo kabla ya shirika lolote. Mmoja wao, aliyezaliwa hapa Tanzania na kupelekwa kazini Kambodia, aliitwa Magawa, na mwaka 2020 alivishwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza kwa ushujaa. Buku ni wote. Magawa ni yeye peke yake. Mwandishi akiwa na majina ya namna zote mbili, hadithi yake inapata kundi na inapata mhusika, na msomaji atalia mhusika akifa kwa sababu anajua kuwa kundi lipo na yeye hayupo.

Hapo hapo niseme la Buraki. Huyo ndiye aliyempeleka Mtume Muhammad, rehema na amani zimfikie, usiku wa Israa na Miiraji, na kila mwezi wa Rajabu nyumba nyingi za Mwembesongo na za pwani yote zinamtaja. Si aina, si kabila, na hatafutiwi binamu. Usimbadilishie herufi moja ukadhani umetunga. Kuna majina yaliyokwisha kupata mwenyewe, na adabu ya mtunzi inaanzia hapo.

Wahoji kwanza mbung'o

Huku bara hakukuwa nchi ya farasi, na sababu yake inafaa kujulikana na kila anayewabuni. Mbung'o wanaeneza ugonjwa wa nagana, na nagana haina huruma na farasi. Pwani na visiwani farasi aliweza kuishi. Lamu walishikamana na punda. Huku ndani misafara ilikwenda kwa miguu na kwa mabega ya wapagazi. Henry Morton Stanley alijaribu. Mwaka 1871 alitoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash. Walifika Kingaru, kabla hata ya kuuona mji wa Simbamwene ulipo Morogoro leo, na wote wawili wakafa. Stanley akamzika wa kwanza. Mkubwa wa kijiji akadai alipwe vitambaa, kwa sababu mzoga ule ulizikwa katika ardhi yake bila ruhusa.

Mimi ninaona ulimwengu mzima wa kubuni umelala ndani ya kisa hicho. Hapa mabawa yanapata sababu: farasi wa Uluguru anaruka ili awe juu ya vichaka vya mbung'o. Anaposhuka kunywa maji ya mto Ruvu anahesabu dakika. Na anapokufa, kuna mzee atakayekuja kuuliza amezikwa kwa idhini ya nani. Ukiwa na sababu hiyo mkononi, aina zinajitenga zenyewe. Wa milimani, kwenye baridi isiyo na mbung'o, ameridhika na mabawa ya kurukia kutoka kilele hadi kilele. Wa bondeni ana mabawa marefu kwa sababu kutua ni hatari. Wa mbuga ya Mikumi, hifadhi ya taifa tangu 1964, amefuata njia ya jirani yake punda milia. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kuwavika farasi mashuka yenye milia: mainzi wanaouma waliwasogelea kama kawaida lakini wakashindwa kutua vizuri. Basi wa Mikumi ana milia mpaka kwenye manyoya ya mabawa. Sikuongeza rangi ili apendeze, nimempa ngao.

Angalia pia jinsi watu walivyompa jina punda milia. Walimwona mnyama mpya, wakamfananisha na waliyekuwa naye nyumbani, wakaongeza kinachomtofautisha. Ndivyo walivyompata mbwa mwitu, na mbuzi mawe anayesimama juu ya majabali kwa ncha za kwato. Njia hii ni ya kuaminika, na mwandishi akiishiwa airudie. Mtu wa Mwembesongo akimwona farasi mwenye mabawa kwa mara ya kwanza hatamwita farasi hata kidogo, maana farasi amemwona kwenye televisheni. Punda amemwona barabarani. Atasema punda fulani. Sasa hilo "fulani" ndilo la kufanyia kazi.

Ila onyo: usikimbilie bawa. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, shetani wa usiku ambaye jina lake limeshonwa kwa vipande viwili tu, popo na bawa. Watu walikesha nje kwa makundi, wamewasha moto, wakiogopa kulala ndani. Kama kazi ya kutunga majina, ile ni kazi kubwa: silabi nne, hakuna herufi ya kigeni, mtoto anaweza kulitamka na mtu mzima anaweza kutetemeka. Na kwa sababu hiyo hiyo, kila jina linaloishia na bawa sasa linaingia chumbani na kivuli chake. Ukimwita mnyama wako pundabawa, msomaji wa Pemba atafunga dirisha. Kama ndivyo unavyotaka, endelea. Kama farasi wako ni mpole, mtafutie jina lingine.

Nenda ukaulize Nyandira

Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Uluguru ni sehemu yake, imewapa wanasayansi wanyama wengi wa kuwapa majina, na mwandishi wa hadithi za kubuni anaweza kujifunza kwa waliofanya vizuri na kwa waliofanya haraka. Kuna chozi anayeishi kwenye misitu ya Uluguru, kindege cha kunyonya maua, kilichoandikwa kitabuni mwaka 1922 kwa jina la Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekusanya wanyama wa Tanganyika. Loveridge alistahili heshima, lakini jina lile halikuambii lolote kuhusu ndege: si rangi, si sauti, si ua analolipenda. Kinyonga wa hapa alitendewa wema zaidi. Mwaka 2006 kundi la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki lilipewa jina la jumla Kinyongia, na wetu ni Kinyongia uluguruensis. Jina la kwanza linakwambia ni nani, la pili linakwambia anakaa wapi. Barua inaweza kumfikia.

Lakini somo kubwa limetoka Rungwe. Wanyakyusa walikuwa wakimtaja kipunji, kima wa msituni asiyeonekana kirahisi, na wapo waliodhani ni kiumbe cha hadithi tu kwa sababu jina lake lilikuwa likisimuliwa na mwili wake hauonekani. Mwaka 2005 sayansi ikamtangaza, ikalichukua jina lile lile, na mwaka uliofuata ikamwita Rungwecebus kipunji. Jina lilitangulia, mnyama akafuata. Mwandishi anayebuni farasi wenye mabawa anafanya kazi hiyo hiyo kwa kuanzia mwisho, na namwomba aifanye kwa heshima hiyo hiyo: ajenge watu waliokuwa wakimjua mnyama kabla hadithi haijaanza, awasikilize, ndipo aandike.

Kwa vitendo ni hivi. Katika ulimwengu wako mtafiti mgeni amepanda hadi Nyandira, Mgeta, kwenye mashamba ya kabichi na karoti. Anamkuta bibi anapalilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka mjini?"

"Nimetoka mjini, bibi. Nasikia huku kuna farasi wanaoruka."

"Farasi siwajui. Labda unasema wale chunguliamasika."

"Ndio wakoje hao?"

"Wakishaonekana pale juu, siku mbili tatu mvua imefika. Wanachungulia, wanarudi. Sisi tunapanda."

Mtafiti mwenye akili anaandika chunguliamasika na kufunga daftari. Mtafiti wa pili, yule wa haraka, anaandika jina la mfadhili wake. Ukishaiandika mandhari hiyo hutahitaji kumweleza msomaji tabia ya mnyama, maana jina limekwisha kuieleza, na bibi amepata nafasi ya kujua kitu ambacho msomi hakijui.

Kitenzi ndicho farasi wako

Majina mazuri kabisa ya ndege katika Kiswahili yametoka kwenye kutenda. Chekeamwezi anatembea ufukoni na sauti yake nyembamba, na mtu fulani wa zamani, ambaye natamani ningemjua, aliamua kwamba ndege huyu anauchekea mwezi. Kigong'ota anagong'ota mti. Wapo walioachiwa wajitaje wenyewe kwa sauti yao, kama hondohondo na kitororo. Mbinu hizi mbili, kitenzi na mlio, zinatosha kujaza mbuga nzima ya kubuni, na sioni sababu ya kwenda kuazima kwa Waviking.

Chukua wale wa mjini. Mwembesongo ina mapaa ya bati, na bati usiku wa kipupwe linapoa mpaka linatoka jasho la umande. Farasi wa mjini amelijua hilo. Anashuka kabla ya adhana ya alfajiri, anakunja mabawa, analamba umande safu kwa safu kuanzia nyumba za mwisho. Watu ndani wanasikia ulimi na kwato. Basi ni lambabati. Silabi nne, mkazo unaangukia ya tatu kama lugha inavyotaka, na yule mtoto wa miaka sita anaweza kulipigia ukelele: "Mama! Lambabati wametua kwa mzee Saidi!" Na mama, bila kuacha kufua: "Waache, mwanangu. Jua likitoka watainuka." Nimeishi na jina hili kichwani muda mrefu na bado linanifurahisha, kwa sababu haliwezi kuhamishwa. Lipeleke mahali pa nyumba za makuti, linakufa.

Wa Bondwa, mwenye kukata kona kwenye ukungu, namwita mvukaukungu. Hapa zingatia ngeli. Ukiweka m- mwanzoni unampa mnyama utu kidogo: mvukaukungu mmoja, wavukaukungu wengi, kama mkulima na wakulima. Watu wa mlimani watamheshimu, watasema amepita, hawatasema kimepita. Lambabati hana m-, kwa hiyo mmoja ni lambabati na mia ni lambabati. Ni kundi, ni kero, ni sehemu ya asubuhi. Ki- nayo ina kazi zake. Kiboko na kifaru wanaibeba bila kupungua unene, lakini ukimtungia mnyama mpya jina la ki- msomaji atamwona mdogo kabla hujasema kimo chake. Mwizi wa ndizi wa Kinole, mfupi, mnene, mwenye mabawa yasiyomfikisha mbali, anaitwa kipaamgomba: anapaa hadi mgombani na hapo safari imekwisha. Wala usiandike "kipaamgomba kinakula". Huyu ni mnyama, ana roho, anakula.

Mkubwa wa Lukwangule amenipa taabu. Kwa watu wengi yeye ni sauti ya mabawa usiku juu ya msitu, na kiumbe anayejulikana kwa sauti apewe jina la sauti. Nimejaribu vumavuma na nikaliona jepesi mno kwa mwili mzito. Nimekaa na ngurumizi, kutoka kwenye kunguruma, na nadhani limetulia. Linabeba uzito mbele na kumalizia na ncha nyembamba, kama mnyama mwenyewe anavyotoweka.

Waliotangulia

Yupo atakayesema Kiswahili hakina mapokeo ya dunia za kubuni. Huyo ajibiwe kwa tarehe. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, na jina kamili la kitabu linasema wazi kuwa ni nchi iliyo angani. Angani! Nchi nzima inaelea, na wajumbe wanatoka humo kwenda pande zote za ulimwengu. Mwandishi wa farasi wenye mabawa hana haja ya kutafuta mbingu nyingine; ile ipo na ina zaidi ya miaka 70. Tazama pia alivyotunga: akachukua kitenzi cha kusadiki, akakinyoosha kidogo, kikawa nchi. Akafanya hivyo tena kwa Kufikirika. Watu wa Kusadikika wanaitwa Karama na Majivuno, na husomi ukurasa bila kujua nani atamshitaki nani. Mkenya Katama Mkangi alipoandika Walenisi mwaka 1995 alichukua sentensi nzima, wale ni sisi, akaiunganisha ikawa jina la mahali. Mshono unaonekana ukitazama, na ukisoma kwa kasi hauuoni. Huo ndio ushonaji.

Wachimbaji wa mifupa wamejiunga na mapokeo hayo, na wengine wanatushinda. Mwaka 2010 mnyama wa kale sana aliyepatikana kusini mwa Tanzania alipewa jina Asilisaurus kongwe. Mwaka huo huo mamba mdogo wa bonde la Rukwa mwenye meno yaliyokaa kama ya mnyama anyonyeshaye akawa Pakasuchus, paka aliyeungwa na neno la Kigiriki la mamba. Mwaka 2019 Kenya ilimpata Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa mno ambaye mifupa yake ilikuwa imelala miaka mingi kwenye makumbusho ya Nairobi. Simbakubwa ni jina zuri, mwanafunzi analiona bila kamusi. Kutokaafrika silipendi, Afrika ni kubwa mno kuwa anwani ya mtu. Anayenipendeza kuliko wote ni Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria wa Songwe aliyetangazwa mwaka huo huo wa 2019. Mtuka ni mto wenye korongo alimolala. Na moyo wa mkia? Mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Aliyetoa jina lile aliushika mfupa, akaugeuza, akatazama vizuri, ndipo akasema. Fanya hivyo na farasi wako. Mgeuze. Tazama chini ya bawa.

Wala sisemi kila kitu kitoke mlimani. Farasi mwenyewe ni neno lililokuja kwa jahazi kutoka Uarabuni, na limekaa vizuri. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, aliiita bendi yake Cuban Marimba kwa mapenzi ya muziki wa Kuba, na leo ukiitaja Cuban Marimba watu wanafikiria Morogoro kwanza. Jina la mbali likichezwa kila Jumamosi linapata uraia. Kinachokataliwa ni jina lililoletwa likaachwa mlangoni, halifanyi kazi yoyote katika hadithi.

Wakichanganyika

Mapema au baadaye lambabati atapandana na mvukaukungu, na wasomaji watauliza mtoto ni nani. Usiunganishe nusu mbili za majina, utapata mvukabati, na huyo hana maana kwa yeyote. Hapa ulimwengu wako una sheria tayari kama umeuweka Uluguru. Waluguru wanahesabu ukoo, yaani lukolo, kwa upande wa mama. Mtoto ni wa kina mama. Basi na farasi iwe hivyo. Mama akiwa mvukaukungu, mtoto ni mvukaukungu, hata kama amezaliwa juu ya bati la Mwembesongo na hajawahi kuuona ukungu. Kutoka hapo hadithi inajiandika: mtoto huyo analamba bati na wenzake asubuhi, na kila ukungu unaposhuka hadi Kilakala masikio yake yanasimama. Wajomba wapo juu. Siku moja watashuka kumchukua, na baba yake hana la kusema.

Usisahau maneno madogo yanayoizunguka aina. Mlio wao unaitwaje? Manyoya yaliyodondoka yana jina, na yanauzwa bei gani pale Soko la Chifu Kingalu? Mtu anayewafukuza kwa kazi anaitwa nani? Na samadi yao inayoangukia mabati, ni nani anayeifagia, mwenye nyumba au mpangaji? Waandishi wengi wanaomaliza jina kubwa wanaacha haya, ndiyo maana wanyama wao wanaonekana wamefika jana. Panya buku ana kichuguu chake, ana mtego wake, ana mapishi yake. Mpe ngurumizi wako vitu kama hivyo vitano na hutahitaji ramani mwanzoni mwa kitabu.

Halafu yajaribu majina yote kwa sauti, barabarani, mbele ya watu wasiojua unaandika nini. Mwambie dereva wa bodaboda, kwa uso mkavu, kwamba umechelewa kwa sababu ya lambabati. Akiuliza "ndio nini?", eleza, usikilize atakavyolirudia kwa mwenzake kijiweni. Akilikata, jina linataka kukatwa. Akilirefusha kwa kicheko, umepata jina la utani, na aina isiyo na jina la utani katika mkoa huu haijapokelewa.

Yule wa Mikumi, mwenye milia hadi mabawani, bado hana jina. Milia imekwisha kuchukuliwa na jirani yake, bawa limechukuliwa na shetani wa Pemba, na sauti yake hakuna aliyeisikia kwa sababu anapita juu ya barabara kuu wakati malori yananguruma. Anayekaa Doma au Mikumi mjini yuko karibu naye kuliko mimi. Amtazame anapotua mainzi wakiwa wengi, aone mainzi wanafanya nini, kisha alete kitenzi.